Ukili Usiorefuka

Barua ya kwanza ya kukataliwa ilinikuta natafuna muhogo wa kukaanga. Boti ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka na Malindi yetu ya Unguja imepumua kidogo. Wachukuzi walikuwa wamekaa juu ya mikokoteni yao, na dukani kwetu hapakuwa na mtu anayetaka kopi ya kitambulisho wala picha ya paspoti. Hiyo ndiyo saa yangu. Mwenye duka alinipa ruhusa kwamba kazi ikilala, kompyuta ya dirishani naweza kuitumia kwa mambo yangu, mradi nisidondoshe chakula kwenye kibodi. Nikaifungua barua pepe kwa kidole kimoja kisicho na mafuta.

"Wamekujibu?" akauliza shoga yangu wa mashine ya kopi.

"Wamenijibu."

"Wanasemaje?"

Nikaitia barua kwenye tafsiri, kwa sababu shule mie niliishia kidato cha pili, na Kiingereza changu ni kile cha kumuelekeza mgeni njia ya bandarini. Ikatoka hivi: tumeipitia video yako, tunasikitika hatukuweza kuipokea, sababu ni matatizo ya ubora.

"Ubora upi?"

"Hawakusema."

"Sasa mtu anakwambia una kasoro, halafu huyo, anakwenda zake?"

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde nane. Mwanamke kakaa barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya ukindu ambao ukishonwa ubavu kwa ubavu ndio unakuwa mkeka. Mwanamke huyo hayupo popote duniani. Nilimuandika kwa maneno kwenye programu ya akili mnemba. Nikasema awe mtu mzima, avae kanga, acheke kidogo, jua lizame nyuma yake, kuku wapite. Mashine ikafikiri, ikanitolea. Nilipomuona anageuza kichwa na kutabasamu machozi yalinilengalenga, utadhani nimemzaa.

Kuna maghala ya video mtandaoni. Mtu anaweka vipande vyake humo, na anayetengeneza tangazo la chai au filamu akihitaji kipande cha mvua au cha soko, anakwenda kuchagua. Video za akili mnemba nazo zinapokewa kwenye baadhi ya maghala hayo. Unatia alama kwenye kijisanduku kwamba imetengenezwa na mashine, husemi uongo, kisha unawasubiri wakaguzi. Ndoto yangu ilikuwa ndogo na kubwa kwa wakati mmoja. Nilitaka mtu wa mbali ambaye hajui Unguja iko wapi atafute mwanamke anayesuka, na katika wanawake wote wa dunia akutane na wangu.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia mama kabla ya majibu. Mama anauza vitumbua nyumbani kwetu Mtoni, na kila aliyenunua kitumbua asubuhi ile aliondoka na habari kuwa mwanawe kaingia kwenye filamu za nje. Nilivyorudi jioni watu walinisalimia kwa heshima iliyonitisha.

Basi zikafuata nyingine. Muuza kahawa na buli lake: hapana. Watoto wanaruka kamba: hapana. Mwanamke anafunga mwani baharini: hapana. Sababu ni ile ile, matatizo ya ubora, kama muhuri.

Nikaanza kufikiri wakaguzi hawa ni watu gani. Nikawaona wamekaa ofisini kwenye baridi, wamechoka, hawajanywa chai. Nikawahurumia. Nikaandika barua ndefu. Nikaanza na salamu kamili, nikawauliza hali zao na za watoto wao, nikawaombea wepesi wa kazi, nikawaambia mie ni kijana wa Unguja, sina ujuzi mkubwa, wakinionyesha kasoro iko wapi nitashukuru sana. Nikamalizia kwa shikamooni, kwa sababu sikujua umri wao.

Jibu likaja kabla sijavuta pumzi: namba ya ombi langu, na orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Shoga yangu alicheka mpaka akaegemea mashine ya kopi, ikaanza kutoa karatasi nyeupe zenyewe. "Umeiamkia mashine, mwenzangu! Na marahaba haikuitika!"

Nikacheka na mie. Lakini moyoni nilikuwa nimeshapanga la kufanya, na ndilo lililotaka kuniponza.

Mie nimelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni hawezi kukataa. Ukimkaribisha chakula akasema hapana, nshakula, unajua anaona haya tu. Unamkaribisha tena. Akikataa mara ya pili unampakulia, na akila kidogo unamuongezea juu ya sahani huku anakuzuia kwa mkono. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Sikuwahi kuona hapana ya kwanza ikichukuliwa kuwa hapana. Kwa hivyo wakaguzi waliposema hapana, nikaona wanaona haya, au sahani haijajaa. Yule mwanamke anayesuka nikamuongezea. Nikatia mbuzi, nikatia watoto wawili na jua kubwa zaidi, nikampeleka tena. Walipokataa nikambadilisha jina nikampeleka mara ya tatu. Mara ya nne nilimuongezea wekundu kwenye kanga. Muuza kahawa naye nikampeleka mara tatu. Nilikuwa nawakaribisha kwa roho safi kabisa.

Barua iliyofuata haikuwa fupi. Shoga yangu alinisaidia kuisoma, na safari hii hakucheka. Walisema wameona naleta tena na tena video zilizokwisha kukataliwa, na kwamba nyingi nilizoleta zina kasoro. Kwa hivyo nimeruhusiwa kuleta video tano tu. Ikipita hata moja, nitaendelea. Isipopita hata moja akaunti yangu itafungwa, na sitaruhusiwa kufungua nyingine.

Nikaenda kukaa kwenye kigoda cha picha za paspoti, mbele ya kile kitambaa cheupe, nikalia. Haikuwa ile akaunti hasa, kwani akaunti ni nini. Ni kwamba nilikuwa nimejiona ni mtu wa kutengeneza picha, na sasa kuna barua itakayosema kwamba mie si mtu huyo.

"Futa uso," shoga yangu akaniambia, ananipa kanga yake. "Kigoda hicho hakitaki mtu acheke wala alie. Na mteja huyo anakusubiri uondoke."

Kweli, alikuwepo baba mmoja mlangoni na fomu mkononi, ananitazama kwa huruma. Nikampiga picha. Nilimtoa vizuri, masikini.

Siku zile zile mama akanituma Makunduchi kwa bibi yangu mzaa mama, kumpelekea unga na sukari na kuuchukua mkeka aliomshonea. Nilikwenda bila furaha. Bibi nilimkuta barazani, miguu kainyoosha, kifungu cha ukindu ubavuni, anasuka. Bibi haachi kusuka kwa ajili ya mtu. Anakuitikia, anakupokea, anakuuliza habari za watu kumi, na vidole vinakwenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana? Umekuja na njaa au umekuja na mashaka?"

"Vyote viwili."

"Njaa kwanza."

Nikala ndizi mbichi za nazi na samaki mpaka nikaona haya kweli. Kisha nikamsimulia. Bibi na watu wake husema Kimakunduchi, ila mie hunisemesha Kiunguja cha mjini, akidhani nitapotea njiani. Hapa nimeandika alivyonisemesha mie. Alisikiliza yote, maghala, wakaguzi, barua, mpaka nikafika pale niliposema, "Nikawakaribisha tena, bibi, nilidhani wanaona haya."

Hapo akauweka ukili chini. Nimeshasema bibi haachi kusuka kwa ajili ya mtu. Aliuweka chini, akajishika mbavu, akacheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani.

"Nionyeshe huyo mwanamke wako uliyempakulia mara nne," alisema alipopata pumzi.

Nikampa simu. Akainyoosha mbali na macho, mkono mzima, akatazama.

"Mzuri," akasema. "Ana vidole sita, lakini mzuri."

"Sita?"

Nikainyakua simu. Video ile nilikuwa nimeitazama siwezi kusema mara ngapi, na sikuwahi kuhesabu vidole. Nilikuwa namtazama uso, namtazama anavyocheka. Nikaisimamisha, nikahesabu. Sita, wallahi.

"Na huyu hasuki," bibi akaendelea.

"Anasuka, bibi. Angalia mikono."

"Mikono inakwenda. Ukili haurefuki." Akaunyanyua wake. "Huu hapa, tangu ukae kula umeshaongezeka shibiri. Wa kwake uko pale pale. Na hebu tazama, mwanzo wake unatoka kiganjani, na mwisho wake umeingia kwenye goti. Masikini bibi wa watu, ameshonwa nao!"

Nilitegemea kuonewa huruma. Badala yake bibi alifurahi kama mtu aliyeletewa vichekesho nyumbani. "Lete mwengine!" Nikamuonyesha muuza kahawa: anamimina, anamimina, na kikombe hakijai. Nikamuonyesha toleo lenye mbuzi, lile nililokuwa najivunia. Bibi akapiga kofi. "Mbuzi kaingia nyuma ya nguzo, katoka kuku!" Nikarudisha nyuma. Kweli. Mbuzi mzima, mwenye ndevu, aliingia upande mmoja, na upande wa pili akatoka kuku anatembea bila wasiwasi. Mwanamke wa mwani ndiye aliyemuudhi kidogo, kwa sababu bibi mwenyewe alilima mwani miaka mingi. "Maji yamemfika kiunoni na anafunga mwani? Sisi tunafunga maji yakishatoka. Na nguo yake kavu! Huyu kateremshwa kwa kamba kutoka juu."

Tulicheka sana, na katika kucheka yale mashaka yangu yakapungua bila mimi kuyafukuza. Nilikuwa nimedhani wakaguzi wanauchukia uzuri wa kwetu. Kumbe walikuwa wameona vidole.

Alasiri alikuja binti wa jirani na ukili aliousuka, ameuviringisha kama gurudumu, anataka bibi aushone pamoja na wake. Hili nimelizoea tangu mdogo, lakini siku ile nililitazama kama sijapata kuliona. Bibi anaukagua ukili bila kuutazama. Anaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, pima baada ya pima, uso ameelekeza njiani, anaitikia salamu za wapitao. Gumba linatembea, linatembea, kisha linasimama.

"Hapa," akamwambia yule binti.

Binti akainama. Ukindu mmoja ulikuwa umepita juu badala ya chini. Palikuwa padogo kuliko ukucha, na pima mbili nzima zilikuwa zimeshasukwa baada yake. Binti hakubisha. Alikaa chini, akazifumua pima mbili zote mpaka akafika pale, akaanza kusuka upya, huku anasimulia habari za harusi. Bibi hakumwambia ukili wako mbaya, wala hakutamka neno ubora. Alisema hapa, basi.

Nikamwambia bibi kwamba hilo ndilo ninalolikosa. Wale wakaguzi hawaweki gumba mahali. Wanaurudisha ukili mzima.

"Watakuwa wanaletewa nyingi," alisema. "Sasa si uliweke gumba mwenyewe kabla hujaupeleka?" Kisha, kama aliyekumbuka: "Na yule mwanamke ulimtwisha kazi. Anasuka, anacheka, mbuzi, kuku, watoto, na jua lizame. Mie mwenyewe nikicheka nasimama kusuka, umeniona. Mtoto anayeanza humpi ukili wa rangi saba. Mpe mwembamba, mweupe."

Nililala kwa bibi siku mbili. Nikapiga picha kwa simu yangu, za kawaida tu, ili mashine ianzie kwenye kitu cha kweli badala ya kukibuni. Nilipiga ukindu aliokuwa ameutia rangi, mwekundu na wa kijani, umetundikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nikapiga sufuria la rangi likiwa motoni, na mkeka nusu umekunjuliwa, na ukuta wa mawe wenye kivuli cha mnazi. Mwisho nikapiga mikono yake inasuka. Kila picha nilipanga kuiomba mashine jambo moja tu. Upepo upite. Mvuke upande. Basi.

Nikarudi Malindi nikawa mtu wa ajabu. Boti ikiondoka tu, naifungua video kwenye kioo kikubwa cha duka, naikuza mara mbili, naitembeza picha moja moja. Sekunde nane ni karibu picha mia mbili, na mie nilizipita zote kama gumba la bibi. Shoga yangu alikagua upande wa kushoto wa kioo, mie wa kulia.

"Hapa!" anapiga kelele. "Kamba imekatika ikajiunga!"

Tunaitupa, naiomba mashine video nyingine.

"Hapa!"

Tunaitupa.

Habari zikasambaa mtaani. Wachukuzi waliokuja kutoa kopi za leseni walisimama nyuma yetu na mizigo yao. Mmoja, mtu mkubwa mwenye shingo kama gogo, alitazama video ya sufuria, kisha akasema kwa upole, "Dada, huo mvuke unapanda, halafu unarudi ndani ya sufuria."

"Wapi, kaka?"

Akanyoosha kidole kinene kama muhogo. "Hapa."

Duka zima likashangilia, naye akaondoka kifua mbele, amesahau kopi yake. Mwenye duka akatoka ndani. "Hapa pana duka au pana mahakama?" Akavaa miwani, akasogea. "Hilo bati la nyuma ya sufuria linatetema," akasema, akarudi ndani.

Lilikuwa linatetema. Nuru yake ilikuwa inaruka kidogo kidogo kila picha, kitu ambacho ukitazama haraka hukioni, ila jicho linachoka bila kujua sababu. Nikajifunza kuituliza nuru kwa programu. Nikajifunza kutoinoa picha kupita kiasi, maana nilipoinoa ukindu uligeuka waya. Nikagundua kuwa kasoro nyingi hukaa mwanzoni, mashine inapojipanga, na mwishoni, inapochoka. Nikawa nakata huku na huku nabakisha sekunde za katikati zilizotulia. Ile ya ukindu kwenye kamba niliifumua mara nyingi mpaka shoga yangu akasema usiku anaota kamba. Na sikuwahi kufurahi namna ile kwa kutupa vitu.

Nikawa na tano. Ya mikono ndiyo iliyokuwa tegemeo langu. Ilitoka safi ajabu: vidole kumi, ukili unarefuka kweli, vivuli vimetulia. Tuliipitia siku tatu na hakuna aliyesema hapa.

Bibi akaja mjini kwa harusi ya jamaa, akafikia kwetu Mtoni. Mchana ule, mama anachekecha unga wa vitumbua vya kesho, nikampa simu bibi, mie nimeshaanza kujisifu usoni.

"Hii mikono ya nani?" akauliza.

"Yako, bibi. Si nilikupiga picha kule?"

"Yangu hii?" Akauweka mkono wake wa kushoto ubavuni mwa simu. Kidole chake cha mwisho kimepinda kuelekea nje. Kilibanwa na mlango alipokuwa mtoto, na hakikurudi. Cha kwenye simu kilikuwa kimenyooka kama msumari.

"Ala!" mama akaacha chekecheo. "Kidole kimepona!"

"Mashine imekinyoosha," nikasema. Nilikuwa sijaona. Mara hii pia nilikuwa nahesabu tu.

Bibi aliitazama ile video ikazunguka mara tatu, nne. Kisha akaanza kutikisika kwa kicheko. "Ningekuwa na kidole hiki, mjini ningeolewa mie. Peleka! Peleka wakione!"

Nilitoka nikakaa barazani na simu. Video ilikuwa safi. Wakaguzi wasingeona kitu, kwa sababu hawamjui bibi. Na mie nilikuwa nahitaji moja tu ipite. Nikajaribu kuiomba mashine upya, nikaandika kwamba kidole cha mwisho kimepinda. Ikavipinda vyote, kama kucha za kaa. Nikajaribu tena, ikaondoa mkono mmoja. Nikajaribu tena, ikakinyoosha. Kila mara ilikuwa inanirudishia mkono mzuri wa mtu mwingine.

Nikaliweka gumba langu juu ya kioo, pale kwenye kile kidole. Nikasema kimoyomoyo: hapa. Sikuwa na la kumueleza mtu yeyote, wala sikuwa na hakika kwamba si ujinga. Ila mikono ya bibi ilinikuna mgongo nilipokuwa na surua, na kidole kile kilichopinda nakijua mgongoni mwangu. Nikaitoa kwenye zile tano.

"Umeipeleka?" bibi akauliza niliporudi ndani.

"Sikuipeleka. Ntapeleka nne."

"Kwa sababu ya kidole?"

"Kwa sababu ya kidole."

Mama akasema, "Huyu ana akili kweli? Kapewa tano, anapeleka nne!" Bibi akanitazama. "Wewe umekuwa mkaguzi mgumu kuliko hao wa kwako," alisema, akanibana shavu kwa mkono ule ule. Video akaniomba nimtilie kwenye simu ya mama akawaonyeshe wenzake harusini. Nasikia ilichezwa sana huko, na kwamba wapo walioapa kuwa bibi ametibiwa.

Nikapeleka nne.

Majibu yalichukua siku kadhaa. Nilikatazwa na shoga yangu kufungua barua pepe mpaka anishike mkono, kwa hivyo tulifungua pamoja. Ya mkeka: hapana, matatizo ya ubora. Akanibana vidole. Siku ya pili, ya ukuta wenye kivuli: hapana. Ya sufuria ikafuata mchana ule ule: hapana. Yule mchukuzi wa shingo nene alikuwepo. Alivua kofia yake kama mtu aliyefika kwenye msiba, akasema, "Mvuke ni kitu kigumu, dada."

Nilirudi Mtoni na moja iliyobaki. Nilijiambia kwamba ikikataliwa nitalia mara moja, kwa heshima, kisha nitaendelea kutengeneza na kuwaonyesha watu wa dukani, kwa sababu wale nao ni watu. Nilijiambia hivyo na sikuamini.

Ilikuja baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa anakoroga unga, bibi anakunja nguo zake arudi zake kesho. Simu ikalia, nikaisoma nimesimama. Sikuitia hata kwenye tafsiri. Neno lile moja nilikuwa nimeshajifunza namna linavyoandikwa, ili nilijue likija.

"Mama," nikasema. "Wamepokea."

"Wamepokea nini?"

"Video. Moja. Wameipokea."

Mama hakuuliza zaidi. Alipiga kigelegele na mwiko mkononi, unga ukaruka mpaka dirishani. Mie nikawa naruka nimemshika bibi, bibi naye anajaribu kuruka na magoti yake, anauliza, "Ipi? Wamekubali ipi?"

"Ya ukindu kwenye kamba!"

"Ule nilioutia rangi mie?"

"Ndio ule ule, bibi!"

Akasimama wima, akajitengeneza mtandio. "Basi wamekubali rangi yangu," akasema. "Hayo mengine wewe na mashine yako mtajuana."

Kigelegele kilikuwa kimefika njiani. Mlango ukasukumwa, akaingia mama wa nyumba ya nyuma yetu, mbio, kiatu kimoja.

"Hodi, hodi! Nani kaposwa?"

"Hakuna aliyeposwa," mama akasema, anahema. "Video ya mwanangu imekubaliwa huko nje!"

"Ipi? Hebu nione."

Nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, uso umejaa hamu. Kamba nyuma ya nyumba. Ukindu mwekundu, ukindu wa kijani. Upepo unapita, unazinyanyua nyuzi kidogo, unaziachia. Kwisha.

Akaninyanyulia macho. "Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Hamna mtu? Hamna kuku?"

"Hamna."

Akaitazama simu iliyokuwa imeshasimama. Kiatu alichokiacha njiani hakukikumbuka tena. Akasogeza kigoda kwa mguu, akakaa.

"Hebu rudia," akasema.